Jibu Lake Lilikuwa "Sijui"

Kwa miaka tisa, pamoja na kufundisha biolojia, nilikuwa msimamizi wa nidhamu katika shule ya bweni ya wasichana hapa Gitega, Burundi. Anayeifanya kazi hiyo vizuri husalimiwa kwa heshima na hakaribishwi chai na mtu, na mimi niliifanya vizuri. Nilijua nani anaficha simu ndani ya pakiti ya sabuni ya unga, nani anaandikia wenzake barua za kwenda kwa wavulana. Asubuhi, katika kipindi cha kujisomea kabla ya kengele ya uji, nilipita nyuma ya madawati nikiwagonga mabega waliokuwa wanasinzia. Aliyesinzia mara tatu kwa wiki alifyeka nyasi Jumamosi. Niliamini kwamba usingizi ule ulikuwa uvivu, na kwamba uvivu dawa yake ni jembe na fyekeo.

Msichana ambaye nataka kusimulia habari zake alitoka Mwakiro, upande wa Muyinga. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wazazi wake walikimbia nchi yeye akiwa mdogo, akakulia kambini Tanzania, wakarudi akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alifariki muda mfupi baada ya kurudi, mama akabaki analima maharage na mihogo na kulea watoto wawili, yeye na mdogo wake wa kike. Kirundi chake kilikuwa na lafudhi ya kule, na akikasirika aliongea Kiswahili. Wenzake walimwita Mtanzania. Hakulalamika, alicheka nao, na mwishoni akawa ndiye mchekeshaji wa bweni zima. Kama kuna jambo ambalo wengine hawathubutu, yeye alithubutu. Alipanda juu ya tangi la maji. Alimwiga mkuu wa shule mbele ya darasa, mkuu akiwa amesimama mlangoni.

Mimi pia nilikulia kambini, miaka ya nyuma zaidi, upande wa Ngara. Mimi pia niliitwa Mtanzania niliporudi. Sikuwahi kumwambia. Nilihofia nikimwambia atanizoea, na msimamizi wa nidhamu hazoewi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baada ya chakula cha mchana. Mvua zilikuwa zimekwisha na nyasi nyuma ya bweni zilikuwa kavu. Wasichana walikuwa wametoa magodoro juani na kuanika mashuka kwenye kamba. Wanne kati yao walikaa nyuma ya jengo, na mmoja alikuwa na kiberiti alichokiokota jikoni. Walianza kwa kuchoma karatasi za mtihani walioufanya vibaya. Kisha mmoja akamwambia yule wa Mwakiro kwamba hawezi kuwasha nyasi halafu azime kwa mguu. Akawasha.

Upepo ulivuma kutoka upande wa uwanja. Nilipofika, mashuka yalikuwa yanawaka kwenye kamba, magodoro mawili yalikuwa yanatoa moshi mweusi, na paa la banda la kuni lilikuwa limeanza kushika moto. Wapishi walikuwa wanapiga moto kwa matawi ya mikaratusi. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa hapo shuleni tangu ilipofunguliwa, aliungua mkono wa kulia toka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Hakulia. Alikaa chini kwenye majivu akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Yule msichana alikuwa amesimama kando, viatu vimeyeyuka soli. Alijaribu kweli kuzima kwa mguu.

Baraza la nidhamu lilikaa Jumatatu. Tulikuwa watano: mkuu wa shule, walimu wawili, mwakilishi wa wazazi na mimi. Tuliwaita mmoja mmoja. Watatu wa kwanza walilia na kuomba msamaha kabla hatujauliza neno. Yeye aliingia wa mwisho.

"Kwa nini ulifanya hivi?" nilimuuliza.

"Sijui, Madamu."

"Hujui maana yake nini? Ni mkono wako uliowasha."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria kitu."

"Unajua yule mama yuko hospitali?"

"Najua."

"Basi nakuuliza tena. Kwa nini?"

"Sijui."

Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, midomo ikitetemeka. Mwalimu mmoja aliweka kalamu mezani. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu, na nakumbuka vizuri nilichoandika kwa sababu baadaye nilikisoma mara nyingi: "Haonyeshi majuto. Anajibu kwa dharau."

Alasiri ile baba wa mmoja wa wale watatu alikuja. Ni mfanyabiashara wa hapa mjini, Mwislamu, ana duka la vitambaa karibu na soko. Alivua kofia akaongea Kiswahili chao cha mjini. "Madamu, mi siko nabishana. Mutoto iko na makosa. Mumupe azabu, lakini musimufukuze, pole sana." Mzazi mwingine naye alifika kabla ofisi haijafungwa. Watatu wale walipewa wiki mbili za kukaa nyumbani. Wa Mwakiro akafukuzwa moja kwa moja, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono.

Mama yake alifika siku iliyofuata, karibu saa sita mchana. Gari alilopanda liliharibika njiani, huko Karuzi, akalala kwenye kibaraza cha kanisa. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea ibada na viatu vya plastiki vyenye vumbi jekundu. Sanduku la bati la binti yake lilikuwa tayari nje ya ofisi yangu, na binti amelikalia.

"Mwalimu," aliniambia, "nimechelewa?"

Alisema kwa Kiswahili cha Tanzania, kile kile cha kwangu. Nilimjibu kwa Kirundi. Nilimwambia baraza limeshaamua. Akaomba kumwona mkuu, nikampeleka. Mkuu alimwambia, "Mama, conseil ya nidhamu ilishakata shauri. Hatuwezi kurudi nyuma." Akatoka bila kuuliza tena. Walilibeba sanduku wawili, kila mmoja upande wake, wakashuka nalo hadi barabarani. Nilisimama dirishani mpaka walipopata gari. Nilijiambia kuwa nimelinda wasichana mia kadhaa waliobaki.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Yule mama mpishi alirudi kazini, lakini vidole viwili havikukunjuka tena, akawa anakoroga chungu kwa mkono wa kushoto. Alinishangaza siku moja kwa kuniuliza habari za msichana. Nilimwambia sina. Akasema, "Alikuja jikoni siku ile ile ya moto, kabla sijapelekwa hospitali, akapiga magoti. Hakuwaambia?" Nikasema hakutuambia. Akaendelea kukoroga.

Kisha tukaitwa kwenye mafunzo ya siku tatu, walimu na wasimamizi wa shule za eneo letu. Ukumbi ulikuwa wa parokia, baridi, wenye viti vya plastiki. Aliyetufundisha siku ya pili alikuwa daktari wa kike mwenye sauti ya chini, wa magonjwa ya akili, aliyetoka Bujumbura. Alibandika ukutani picha kubwa ya ubongo. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikiwa na nia ya kusahihisha madaftari.

Alisema watu wengi wanadhani kijana ni mtu mzima mwenye adabu mbaya. Kichwa chake kimeshafikia karibu ukubwa wa mwisho, ana sauti nzito au kifua, basi tunadhani ndani kumekamilika. Lakini ndani ndiko kazi imepamba moto. Njia zinazotumika zinaimarishwa na kufunikwa kwa kitu kama mafuta ili habari zipite haraka, na zisizotumika zinakatwa. "Kama mnavyopogoa mibuni," alisema, na ukumbi mzima ukamwelewa, maana hakuna mtu pale asiyekuwa na mibuni ya nyumbani. Kazi hiyo, alisema, inaanzia nyuma, kwenye kuona na kutembea, inakuja mbele taratibu. Akagusa paji la uso wake. "Hapa ndipo inapomalizikia. Mahali pa kusubiri, pa kupima, pa kujiambia ngoja kwanza. Hapa hapakamiliki kabla ya miaka ishirini na kitu. Lakini sehemu ya hisia, ya hofu, ya kutaka kusifiwa, hiyo imeshaamka tangu mtoto anapoanza kubalehe. Akiwa peke yake anaweza kujizuia. Wenzake wakimtazama, ni vigumu zaidi."

Alisema pia juu ya usingizi. Kwamba katika umri ule usingizi unachelewa kuja na unachelewa kutoka, mwili wenyewe ndivyo unavyotaka, na si uvivu. Nikaacha kusahihisha.

Mwalimu mmoja mwanamume akainua mkono. "Donc, kwa hiyo, daktari, tusiwaadhibu tena?"

"Sijasema hivyo. Mwadhibuni. Lakini mkumbuke kwamba mnamwadhibu mtu ambaye bado anajengwa. Nitawaambia jambo moja mtakalolitambua. Mnapomuuliza mtoto kwa nini amefanya upuuzi, mara nyingi anajibu sijui. Mnakasirika. Mnadhani anaficha au anawadharau. Mara nyingi anasema kweli. Amejitafuta ndani akakuta hakuna sababu. Naye anaogopa kuliko ninyi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye uwanja wa parokia. Kulikuwa na watoto wa kwaya wanafanya mazoezi. Nilikumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka mingi.

Kambini maji yalikuwa ya zamu. Eneo letu zima lilikuwa na bomba moja, na watu walipanga ndoo foleni tangu alfajiri. Nikiwa na miaka kumi na mitano, mimi na marafiki wawili tulikuwa tumekaa pale mchana, hakuna mtu, na mmoja akaniambia siwezi kuivunja ile koki kwa jiwe. Niliivunja. Nakumbuka jiwe lilivyokuwa la moto mkononi kwa jua, na kelele ya chuma, na sisi tukikimbia huku tumeshika matumbo kwa kucheka. Eneo letu likakosa maji siku mbili. Baba aliponiuliza sababu, nilitafuta, nikakosa. Alinipiga mara moja, kofi. Kisha akachukua ndoo mbili akanipa mbili, tukaenda kisimani, mwendo mrefu, tukawapelekea majirani maji, nyumba kwa nyumba, siku zote mbili. Hakuzungumza njiani. Siku ya tatu bomba lilipotengenezwa, aliniuliza kama nimefanya kazi za shule. Hakuna aliyelitaja tena jambo lile, hata mama.

Mtu aliyefanyiwa hivyo ndiye aliyeandika "anajibu kwa dharau."

Shuleni kulikuwa na mkuu mpya. Nilimweleza yote, nikamwomba amrudishe yule msichana. Alifikiri siku kadhaa, akasema kama mwenyewe anataka, aanze upya mwaka unaofuata. Likizo ilipofika nilipanda gari hadi Muyinga, na kutoka hapo nikapanda pikipiki hadi Mwakiro. Kila niliyemuuliza alimfahamu mama yule. Nilimkuta shambani anang'oa maharage, mdogo wa msichana anayafunga mafungu. Mama alinitambua kabla sijasema.

"Karibu, mwalimu," alisema. Hakuacha kazi.

Nilimweleza nilichojia, safari hii kwa Kiswahili. Alisikiliza ameinama. Mwishoni akanyoosha mgongo.

"Kumbe na wewe ulikulia kule."

"Ndiyo, mama. Ngara."

"Siku ile ulinijibu Kirundi," alisema. "Nilidhani hunielewi, nikatafuta maneno mazuri zaidi ya Kirundi njia nzima kwenda kwa mkuu."

Aliniambia binti yake yuko Kobero, mpakani, anapika kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Nililala Muyinga mjini, asubuhi nikaenda.

Kobero si mahali pa kumtafutia mtu. Malori yamepangana hadi kilimani, watu wanavuka na mizigo kichwani kwenda na kutoka Kabanga, upande wa Tanzania, wabadilisha fedha wanakushika mkono. Mgahawa ulikuwa wa mabanzi na mabati. Alikuwa pale, amenenepa kidogo usoni, kitambaa kichwani, anageuza chapati na kuwajibu madereva wa Tanzania kwa lugha yao, maneno machache. Nilingoja wateja wapungue. Nilimwona akimwagia maji makaa ya jiko moja, akayachochea, akamwagia tena, kisha akapitisha kiganja juu ya majivu kuhakikisha. Alifanya hivyo bila haraka. Ndipo akanitazama.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi? Mimi ndiye niliyechoma."

"Kwa namna nilivyokuuliza. Nilidhani unanidharau."

Alifuta mikono kwenye aproni. "Nilikuwa nakuogopa mpaka mdomo ukawa unacheka wenyewe. Nilitaka kuuzuia, ukakataa."

Alinipa chai. Nilimweleza habari za daktari na za ile picha, nikamwonyesha kwa kidole kwenye paji langu la uso, nyuma hadi mbele, na yeye alisikiliza kama alivyosikiliza darasani alipotaka, akikunja nyusi.

"Kwa hiyo wakati ule ubongo wangu ulikuwa haujakamilika."

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado kidogo."

Alifikiri. "Na ninyi watano mliokaa mezani? Wa kwenu ulikuwa umekamilika?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Dereva mmoja akaagiza mayai, naye akanyanyuka kumhudumia.

Aliporudi nilimwambia habari za shule, kwamba mkuu mpya amekubali.

"Nitakaa darasani na watoto wa miaka kumi na mitano?"

"Ndiyo. Mwanzoni itakuwa vigumu."

"Mwaka wa kwanza nilikuwa naota hilo," alisema. "Naota kengele. Nikisikia gari linasimama barabarani nyumbani, natoka kuangalia kama ni mtu wa shule. Mama akanikataza kutoka. Ungekuja wakati huo, Madamu, ningepanda gari nikiwa peku." Akatazama malori. "Sasa nikifikiria darasa, naliona kama la mtu mwingine niliyemfahamu. Nimezoea hapa. Wenyeji wananiheshimu. Nikisema bei, hakuna anayecheka."

"Ungeweza kusoma hata uuguzi."

"Ningeweza," alisema.

Nilimwambia yule mama mpishi alimuulizia. Hapo ndipo macho yake yalipojaa maji. Aliuliza kama mkono umepona. Nilitaka kumdanganya, lakini nilimwambia kweli, habari za vile vidole viwili. Akanyanyuka, akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko mpaka mwenye mgahawa akamwita mara mbili. Nilingoja. Hakutoka, au alitoka kwa mlango mwingine. Niliandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi, nikakiweka chini ya kikombe.

Wiki moja baadaye mama yake alinipigia simu. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya Gitega, mvua. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuomba usimwendee tena. Najua ulikuja kwa nia njema. Lakini amekuja nyumbani, amelala siku nne, hali chakula, anaongea habari za mkono wa yule mama. Alikuwa ameshaanza kusahau. Mimi ndiye niliyemsaidia kusahau, na haikuwa kazi ndogo."

Nilimwahidi. Nimetimiza.

Niliacha usimamizi wa nidhamu mwisho wa mwaka ule. Sasa nafundisha biolojia tu, na jioni napanda gari kurudi kwangu upande wa Giheta. Mwenzangu aliyechukua nafasi yangu ni kijana mwenye bidii. Nilimwambia juu ya usingizi wa asubuhi, akaniitikia kwa adabu, na Jumamosi naona bado wasichana wanafyeka. Kwenye baraza la nidhamu naitwa mara moja moja kama mwalimu. Nimeomba mara mbili kwamba uamuzi ungoje mpaka mzazi afike. Mara ya kwanza walikubali. Mara ya pili walisema shule haiwezi kungoja kila gari linaloharibika.

Ile kumbukumbu ya baraza niliiomba kwa karani ili nirekebishe ule mstari. Alisema karatasi yenye sahihi tano haifutwi. Nikaomba basi niongeze neno chini yake, akasema hakuna nafasi, na kweli hakuna, nilijaza ukurasa wote kwa mwandiko wangu.

Mwaka huu mama wa Mwakiro alinipigia tena, mara ya kwanza tangu siku ile. Mdogo wa msichana alifaulu vizuri, alama za kutosha kwenda bweni popote. Nilimwambia hongera, nikauliza wamempangia wapi. Alisema walimpangia Gitega, yeye mama akakataa, akamwandikisha shule ya kutwa palepale kwao, haina maabara wala walimu wa kutosha.

"Najua anapoteza," alisema. "Lakini hapa akikosea nitamgombeza, halafu jioni atakula."

Nilimwambia amefanya vizuri. Tukazungumza kidogo juu ya maharage, akaniaga.